Milango ya Jehanamu: jiwe lililochora karta yetu

Wandugu wasomi, mu jiografia tulifundishwa kama mto Kongo ni njia kubwa ya inchi. Ni kweli, lakini njia hiyo imekatika-katika. Leo tuongelee fasi moja inapokatika: Portes d'Enfer, Milango ya Jehanamu, karibu na Kongolo, mu Tanganyika.

Toka Bukama mpaka Kongolo, Lualaba ni mto mpole, boti zinatembea zaidi ya kilometa 600. Kisha Kongolo maji yanakutana na mwamba mgumu. Mchanga na vijiwe vinavyobebwa na maji vilisugua mwamba ule miaka mingi sana, mpaka ukafunguka mlango mwembamba. Mto mpana unajisukuma mu nafasi ndogo. Hapo boti haipite.

Mimi nilisoma kilimo, si historia. Lakini nikitazama karta ya reli, naona jiwe lile njo lilishika kalamu. Mu 1902 kampuni CFL ya Édouard Empain iliundwa ili reli ipite fasi mto unakataa. Reli ya Kisangani–Ubundu ilifunguliwa 1906. Ile ya Kindu–Kongolo, kilometa 355, ilimalizika mwisho wa 1910, na ya Kabalo–Kalemie mu 1915. Daraja la Kongolo likakuja 1939. Wabeleji waliandika majina yao, lakini mikono iliyopasua majiwe na kulaza vyuma ilikuwa ya babu zetu.

Sasa tuhesabu. Mzigo ukifuata mto toka Bukama mpaka Kinshasa, unatoka mu boti unaingia mu treni Kongolo, unarudi mu boti Kindu, treni tena Ubundu, boti tena Kisangani. Mara 4! Kila mara kuna gunia linapasuka, siku zinapotea, mutu mwingine anaomba chake. Na mwenye kulipa yote njo mkulima, sababu mchuuzi anapunguza bei kule kule shambani.

Njo maana sikubali tukisema mkulima wa kule ni mvivu. Alime nini zaidi, kama mahindi itaozea kwenye gare?

Wenzangu wa agronomia, tunaandika miradi mingi ya mbegu na mbolea. Ni ngapi inasema mavuno itapita wapi? Jiwe halitaondoka. Wa zamani walipita pembeni yake, kwa faida ya wengine. Siye tutapitisha njia gani, na kwa faida ya nani?