Memori ya Kompyuta Iliyosukwa Kama Mkeka

Wadau, leo tuwaache mastaa kidogo. Ingia Google, tafuta picha za memori za kompyuta za miaka ya 1960. Utaona fremu yenye nyaya nyembamba zilizopishana, na kila zinapokutana pana kipete cheusi, kidogo kuliko punje ya mtama. Sisi wa Lindi tukiona vile tunawaza kitu kimoja tu: mkeka.

Na kweli ilisukwa. Kila kipete ni sumaku iliyotunza 0 au 1, na nyaya zilipitishwa mle kwa mkono, kazi iliyofanywa zaidi na wanawake. Hata programu za kompyuta ya Apollo, iliyofikisha watu mwezini mwaka 1969, zilisukwa na akina mama wa kiwanda cha Raytheon kule Marekani. Waya ukipita ndani ya kipete ni 1, ukipita pembeni ni 0. Armstrong tunamjua wote. Waliosuka je? Kimya.

Usiseme hayo ni ya wazungu huko. Kompyuta ya kwanza nchini kwetu, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, nayo ilikuwa na memori ya vipete hivyo hivyo.

Mwaka 1970 Intel wakatoa chipu ya 1103, vipete vikaanza kuaga. Mwaka uliofuata ikaja EPROM, chipu yenye kidirisha cha kioo juu. Kidirisha kile kiliwekwa ili mwanga wa urujuanimno upite na kufuta data, lakini ukichungulia ndani unaona silikoni inameremeta rangi rangi. Nzuri, sikatai. Ila mle hakuna tena alama ya kidole cha mtu.

Sasa turudi nyumbani. Mkeka wa ukindu kutoka Kilwa unatandikwa kwenye shughuli, tunaupiga picha, laiki zinamiminika. Kuna bibi alikaa barazani akasuka ukili upande kwa upande, akaushona, halafu sisi tukaenda kumlalia bei. Jina lake hatukuuliza.

Wa Apollo tumeshachelewa. Huyu wa kwetu bado yupo. Ukinunua mkeka, muulize anaitwa nani, na kama ameridhia, liandike jina lake chini ya picha. Nani alisuka mkeka wa kwenu?