Kutoka Simbi Hadi Pointi: Fedha Mbili za Maldivi

Zamani fedha ya Visiwa vya Maldivi ilivunwa baharini, na uvunaji wake ulitaka subira. Watu walikata makuti ya mnazi, wakayafunga pamoja na kuyatandaza kwenye maji ya kina kifupi, upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe. Konokono wadogo wa baharini wakaja kuyang'ang'ania. Makuti yakavutwa ufukweni, konokono wakaokotwa mmoja mmoja na kufukiwa mchangani mpaka nyama ikaoza. Kilichobaki kilioshwa kikang'aa: simbi nyeupe, kubwa kidogo tu kuliko ukucha wa kidole gumba. Zilihesabiwa 12,000 kwa kila mzigo, zikafungwa kwa majani ya mnazi, zikapakiwa jahazini kwenda Bengali kubadilishwa kwa mchele.

Juu ya maji kama hayo leo zimesimama nyumba za nguzo zenye paa za makuti na bwawa la kuogelea barazani. Mgeni aliyelala ndani huenda hakutoa hata senti moja kwa ajili ya kitanda. Amelipa kwa pointi, fedha isiyoshikika wala kusikika ikilia mfukoni. Alizipata kwa kulala katika hoteli za mijini miaka na miaka, au kwa kadi yake ya benki kila aliponunua unga na mafuta ya gari.

Visiwa hivi, basi, vimeijua fedha ya ajabu mara mbili. Ya kwanza ilitoka kwao ikaenda ulimwenguni, na ya pili inatoka ulimwenguni inakuja kwao. Anayetaka kulinganisha hoteli za kifahari za visiwani kwa pointi angefanya vizuri kuanza na simbi, kwa sababu mafunzo yote yamo humo.

Kadhi aliyejua bei

Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa. Miaka kama 12 baadaye alikuwa Maldivi, ambako alifanywa kadhi. Msafiri huyu alikuwa na jicho la mfanyabiashara. Aliandika kwamba visiwani humo dinari moja ya dhahabu ilinunua simbi 400,000, na wakati mwingine zaidi ya hapo. Baadaye, katika safari yake ya Mali, Afrika Magharibi, alizikuta simbi zile zile zikibadilishwa 1,150 kwa dinari moja.

Simbi ni ile ile, ila imevuka bahari na jangwa na kupanda thamani zaidi ya mara 300. Thamani yake ilitegemea mahali ilipotolewa. Waganda mpaka leo wakitaja fedha husema ensimbi, neno lililobaki baada ya simbi zenyewe kuondoka sokoni.

Pointi ya hoteli nayo iko hivyo. Aliyenazo 30,000 anaweza kuzimaliza kwa usiku mmoja katika hoteli ya barabarani ambayo angeilipia dola 150. Anaweza pia kuzitunza mpaka apate chumba cha kisiwani kinachouzwa dola 900. Hapo pointi zile zile zimefanya kazi mara sita. Hii ndiyo sababu wakusanyaji wa pointi kutoka Marekani na Ulaya wanazunguka nusu ya dunia kwenda kuzitumia Maldivi na Bora Bora.

Vyumba 30 vya matumbawe

Utalii wa Maldivi wenyewe ni mchanga. Visiwa vilipata uhuru kutoka kwa Waingereza mwaka 1965, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliovitembelea katika miaka hiyo hawakuona kama vingefaa kwa biashara ya watalii. Hapakuwa na benki. Ya kwanza, tawi la benki ya India, ilifunguliwa Malé mwaka 1974.

Mwitaliano George Corbin, aliyekuwa wakala wa safari, aliviona kwa jicho jingine. Mwanzoni mwa 1972 alileta kundi dogo la Waitaliano. Vijana wa Kimaldivi waliowapokea, akiwemo Mohamed Umar Maniku, wakaamua kujenga. Oktoba mwaka huo huo hoteli ya Kurumba ilifunguliwa katika kisiwa kisichokaliwa na watu karibu na Malé. Vyumba vilikuwa 30, kuta za mawe ya matumbawe, paa la makuti. Kurumba, kwa lugha yao ya Kidhivehi, ni dafu.

Kutoka hapo ulizaliwa utaratibu uliovipa visiwa hivi sura yake: kisiwa kimoja, hoteli moja. Watalii walitengwa na vijiji, na wananchi hawakuruhusiwa kufungua nyumba za wageni katika visiwa wanavyoishi mpaka 2009. Mwekezaji alikodi kisiwa kizima, akaleta umeme, maji na kila tango la saladi. Gharama hizo ndizo zilizousukuma utalii wa Maldivi kwenye anasa.

Nyumba za juu ya maji zilitokea kwingine. Mwaka 1967 Wamarekani watatu kutoka California, waliojulikana kama vijana wa Bali Hai, walikuwa na hoteli Raiatea, katika Polinesia ya Kifaransa, mahali pasipo na ufukwe wa maana. Wakasimamisha vibanda juu ya nguzo ili mgeni aingie baharini moja kwa moja kutoka chumbani. Dawa ya kukosa ufukwe ikageuka fahari. Bora Bora, jirani yao, tayari ilikuwa na kiwanja cha ndege, kilichojengwa na wanajeshi wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wazo la nyumba za nguzo likavuka bahari hadi Maldivi.

Pointi zinazaliwa Marekani

Pointi nazo zilikuwa zinakua huko Marekani. Mwaka 1978 serikali ya nchi hiyo iliacha kuyapangia mashirika ya ndege nauli na njia, ushindani ukapamba moto. Tarehe 1 Mei 1981 American Airlines ilizindua AAdvantage, mpango wa kuhesabu maili za mteja na kumlipa kwa tiketi ya bure. United ilifuata baada ya siku chache tu. Mwaka 1983 Holiday Inn na Marriott zikaleta mipango yao ya hoteli, na 1987 zikafuata Hilton na Hyatt.

Mwanzoni pointi ilikuwa shukrani kwa mteja wa mara kwa mara. Baadaye kampuni ziligundua kwamba pointi zenyewe zinauzika. Benki hununua mamilioni ya pointi na kuwagawia wenye kadi zao, na kampuni hupata fedha taslimu leo kwa ajili ya kitanda kitakachotolewa kesho, au kisitolewe kabisa. Mwaka 2020, korona ilipozitua ndege chini, United iliweka mpango wake wa maili rehani ikakopa dola bilioni 6.8.

Msomaji wa Kenya haoni ugeni hapa. Bonga za Safaricom, zilizoanza 2007 kwa pointi moja kwa kila shilingi 10, ni ukoo huo huo. Tofauti ni kwamba Bonga hazikupeleki Maldivi.

Mizani ya visiwa vinne

Pointi na visiwa vilikutana pale kampuni kubwa zilipoingia Maldivi. Hilton ilifika Rangali, katika atoli ya Ari Kusini, mwaka 1997. Miaka 10 baadaye hoteli ikaitwa Conrad. Ndiko uliko mkahawa wa Ithaa, uliofunguliwa 2005 mita tano chini ya maji, watu 14 wanakula huku papa wakipita juu ya vichwa vyao. Park Hyatt ilichukua Hadahaa, mbali kusini, mwaka 2011. St. Regis ya Vommuli ilifunguliwa 2016, na Waldorf Astoria ya Ithaafushi mwaka 2019.

Mgeni wa pointi huanza kwa kutazama tarakimu, na tarakimu humdanganya. Katikati ya 2019 usiku mmoja wa kawaida Hadahaa ulikuwa pointi 25,000, Vommuli 85,000, Rangali 95,000 na Ithaafushi 120,000. Hadahaa ilionekana rahisi kama mara nne kuliko jirani zake. Lakini hizi ni fedha tofauti, kama shilingi na dinari. Hyatt humpa mteja wa kawaida pointi tano kwa kila dola anayotumia hotelini, ilhali Marriott, yenye St. Regis, na Hilton, yenye Conrad na Waldorf, hutoa 10.

Tupige hesabu ya siku tano. Marriott humpa usiku wa tano bure kila mwanachama anayelipa kwa pointi. Hilton hutoa zawadi hiyo kwa wanachama wenye daraja la Fedha (Silver) na kuendelea. Hyatt haina. Kwa bei hizo, Hadahaa ilidai pointi 125,000, yaani matumizi ya dola 25,000. Vommuli ilidai 340,000, sawa na dola 34,000. Rangali ilidai 380,000, dola 38,000, na asiye na daraja alilipa 475,000. Hadahaa bado ilishinda, lakini si kwa mara nne. Wenye kadi za benki na madaraja ya juu walizipata pointi hizo kwa haraka zaidi. Uwiano ndio wa kushika.

Baada ya bei, uliza chumba. Pointi za kawaida hununua chumba cha kawaida, na kila hoteli ina tafsiri yake ya neno hilo. Hadahaa na Rangali zilitoa nyumba ya nchi kavu. Vommuli nyumba ya bustanini. Ithaafushi, juu ya bei yake kubwa, nyumba ya juu ya maji yenye bwawa. Aliyeona picha ya nguzo na kufikiri ndimo atakamolala, alitakiwa kuongeza dola.

Kisha uliza njia. Ithaafushi hufikiwa kwa boti kutoka uwanja wa ndege wa Malé. Rangali na Vommuli ni kwa ndege ya kutua majini, nayo haipai usiku: anayefika jioni hulala Malé kwa gharama yake. Hadahaa ni mbali zaidi, ndege ya ndani ya saa moja hivi, kisha boti. Nauli hizi hazilipiwi kwa pointi za usiku wa bure, na watu wawili kwenda na kurudi kwa ndege ya majini hupita dola 1,000. Chakula nacho ni cha hapo hapo, kwa kuwa hakuna mgahawa wa jirani katika kisiwa chenye hoteli moja. Anayelala bure hula kwa bei ya kisiwa.

Gharika

Simbi zilikufa vipi? Zilizidi. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg waligundua kwamba simbi za pwani yetu, kubwa kidogo kuliko za Maldivi na rahisi mno kwa bei, zingepokelewa Afrika Magharibi. Kampuni ya William O'Swald ilifungua duka Zanzibar mwaka 1849, na meli zikasheheni simbi kuzunguka bara zima kwenda kununua mafuta ya mawese. Zilimwagwa nyingi mpaka bei zikafumuka, na mama wa sokoni aliyeweka akiba ya simbi katika chungu akajikuta ana chungu kizito kisichonunua kitu.

Pointi nazo zimemwagwa, na benki ndizo meli zake. Ila kuna tofauti moja: simbi haikuwa na ofisi ya kutangaza bei mpya. Machi 2013 Hilton ilibadili jedwali lake la bei za pointi, na usiku wa Rangali ukapanda kutoka pointi 50,000 hadi 95,000. Aliyeweka 500,000 kwa siku 10 alibaki na siku tano. Miaka minne baadaye jedwali lenyewe likaondolewa. Marriott iliinunua kampuni ya hoteli ya Starwood mwaka 2016, ikaunganisha mipango 2018, na kwa miezi michache hoteli zake za juu kabisa zilipatikana kwa 60,000 kabla ya kupanda hadi 85,000 Machi 2019. Tangu 2022 bei zake hupanda na kushuka bila jedwali. Hyatt ilibaki na jedwali, lakini Hadahaa nayo ilisogezwa hadi 30,000. Ithaafushi ilifika 150,000 na haikuishia hapo. Ndiyo maana wenye uzoefu huambizana wazichume na kuzitumia. Pointi ni kama samaki mbichi; hawekwi akiba.

Mwenye pointi za Hyatt anaweza kuzitumia hata kwetu. Tangu 2015 Park Hyatt imo Shangani, Unguja, sehemu yake ikiwa ndani ya jumba la kale liitwalo Mambo Msiige. Wazee husimulia kwamba tajiri aliyelijenga alichanganya maelfu ya mayai katika chokaa ya kuta, kisha jina likawaonya wengine wasijaribu kumuiga. Si mbali na hapo, katika bandari ya Zanzibar, ndipo O'Swald alipopakia simbi zake.

Mtoza kodi

Simbi hazikuisha Uganda kwa kuwa watu walizichoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 serikali ya kikoloni ilikataa kuzipokea kwa kodi, na fedha isiyopokelewa na mtoza kodi hugeuka pambo la shingoni.

Asubuhi ya kuondoka, mgeni wa Rangali au Vommuli huletewa karatasi mezani. Kwenye mstari wa chumba pameandikwa sifuri. Chini yake kuna nauli ya ndege ya majini, vinywaji, asilimia 10 ya huduma na kodi ya bidhaa na huduma. Kuna pia kodi ya mazingira, ambayo tangu Januari 2025 ni dola 12 kwa kila mtu kwa kila usiku, na usiku uliolipiwa kwa pointi nao umo. Anatoa kadi na kutia saini. Serikali ya visiwa vilivyowahi kuipa nusu ya dunia fedha yake haijawahi kupokea pointi hata moja.