Kabeni za chuma

Kabeni za chuma ni molekuli ambamo atomi ya chuma imezungukwa na ligandi zinazoishika kwa kaboni yenye jozi huru ya elektroni. Hutafitiwa kama rangi za kunasa mwanga na kuugeuza kuwa umeme au nishati ya kikemia, kazi iliyozoeleka kufanywa na ruteni, metali adimu na ghali. Chuma kipo tele. Ndicho kinachoupa wekundu udongo wa sehemu nyingi za kaunti ya Migori, Kenya. Shaba nayo, iliyochimbwa Macalder, huko huko Migori, hadi mwaka 1966, hutafitiwa kwa kazi hiyo hiyo.

Haja ya nishati ya mwanga ni ya zamani katika Ziwa Victoria. Wavuvi wa omena (dagaa) huvua usiku kwa taa, na kwa miaka mingi walitegemea karabai. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ilifungua Mbita, Homa Bay, kituo cha kuchajia taa kwa sola. Paneli nyingi zinazouzwa madukani ni za silikoni. Kabeni za chuma hazijatoka maabarani.

Kikwazo cha chuma ni muda. Mwanga ukiipiga molekuli, elektroni huhama kati ya metali na ligandi. Kwa ruteni hali hiyo hudumu karibu mikrosekunde moja, lakini katika molekuli za kawaida za chuma nishati hupotea kabla ya pikosekunde moja kwisha, kupitia hali za nishati ya chini za metali yenyewe. Kabeni hutoa elektroni kwa nguvu na kuzipandisha hali hizo, mlango wa upotevu ukawa mgumu kufikiwa. Katika Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, kundi la Kenneth Wärnmark na wenzake lilipata muda wa pikosekunde 9 mwaka 2013, 100 mwaka 2017 na nanosekunde 2 mwaka 2018. Mwaka 2015 rangi yao ya chuma iliingiza elektroni kwenye titani dioksidi kwa ufanisi wa asilimia 92, tokeo linalostahili kuheshimiwa.

Usanisi ndio wenye taabu. Chumvi ya imidazoli hupokonywa protoni kwa besi kali, na kabeni inayozaliwa hukutanishwa na chumvi kavu ya chuma ndani ya naitrojeni au agoni. Unyevu kidogo tu huirudisha kabeni kuwa chumvi. Besi isiyofaa hung'oa protoni ya upande mwingine wa pete, chuma kikafungwa kwenye kaboni isiyokusudiwa na mavuno yakapungua. Kwa hiyo wakemia hupima besi, kiyeyushi, halijoto na utaratibu wa kuchanganya, kisha husafisha mchanganyiko uliobaki. Bei itaamuliwa hapo, wala si kwenye chuma: ligandi ya hatua nyingi inaweza kumeza nafuu yote ya metali rahisi.