Athari si kuiga: somo kutoka kwa Elimo Njau

Historia ya sanaa ya Magharibi inapofundishwa kwetu, neno moja halikosi: athari. Wanafunzi huandika kuwa mchoraji fulani Mwafrika "aliathiriwa" na Wazungu, wakimaanisha kwamba aliwaiga. Hilo ni kosa. Athari tumeipata katika Kiarabu, na asili yake ni alama au nyayo. Nyayo huonyesha kuwa mtu alipita. Hazimlazimishi ajaye nyuma kuzikanyaga.

Hebu tuanzie karibu. Hapa Mata, Taveta, mawingu yakipisha, Kilimanjaro unaonekana. Ng'ambo ya mpaka, huko Marangu, ndiko alikozaliwa Elimo Njau mwaka 1932. Alisomea uchoraji Makerere, katika shule ya sanaa iliyoasisiwa na Mwingereza Margaret Trowell. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora picha tano katika kuta za kanisa la Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Picha zaanzia kuzaliwa kwa Yesu hadi kusulubiwa. Yesu wake ni Mwafrika, na mandhari ni ya kwetu.

Wapo waulizao: mbona akaigeuza Biblia? Sasa tuwatazame Wazungu wenyewe. Leonardo da Vinci, alipochora Karamu ya Mwisho mjini Milan kati ya 1495 na 1498, aliwaketisha mitume kwenye meza ndefu iliyotandikwa kitambaa, kama Waitalia wa enzi yake. Pieter Bruegel naye, mwaka 1566, aliishushia Bethlehemu theluji, akaifanya kijiji cha Flanders. Hao hatusemi waligeuza Biblia. Twawaita mabingwa!

Basi Njau hakuiga sura walizochora. Alijifunza walichokifanya, yaani kuileta nyumbani simulizi ya mbali. Mwaka 1965, yeye na wenzake walianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi. Jina lenyewe linacheza na lugha: paa mnyama, na kupaa angani. Moto ulikiteketeza mwaka 1997, ila kazi haikukoma.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, mwanafunzi akiandika "aliathiriwa", muulize maswali mawili: alichukua nini, na akakifanyia nini? Akikosa jibu la pili, ujue bado anazungumzia kuiga.