Ufundi wa kuunga chuma Kindu: ulikuja na reli, ukabaki mikononi mwa watu

Ndugu wasikilizaji wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli, na ninyi jamaa zetu mliofika huku mkiwa mmeacha nyumba na mashamba, leo tunazungumzia kazi ambayo wengi wetu tunaisikia kabla ya kuiona: kuchomelea chuma, au kusude kama tunavyosema hapa kwa kufuata Kifaransa. Kinga inayobeba ndizi na mafuta ya mawese, pikipiki ya magurudumu matatu, gari kuukuu lililokatwa na kuungwa upya, vyote vinasimama kwa sababu fundi mmoja alikubali kumwonyesha mwingine. Ujuzi huo una historia, na historia hiyo ina funzo kwa siku hizi.

Tuanze na mto. Kutoka Kindu hadi Ubundu, Lualaba inapitika kwa meli kwa zaidi ya kilomita 300. Lakini upande wa juu, kuelekea Kongolo, kuna mawe na maji makali. Ndiyo maana kampuni ya reli ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902 na kundi la tajiri Mbelgiji Édouard Empain, ilijenga reli ya kilomita 355 kutoka Kindu hadi Kongolo. Mnamo 1911 reli hiyo ilikuwa tayari, na mji wetu ukaitwa Kindu-Port-Empain. Reli na meli haziendi bila ateliye. Behewa linavunjika, boila linatoboka, na kipuri kiko Ulaya, miezi mingi ya safari. Lazima pawe na watu wa kutengeneza hapa hapa.

Wazee wetu walikuwa wanajua chuma zamani kabla ya Mzungu. Wahunzi wa makabila yetu walifua majembe, visu na mikuki. Jambo jipya lilikuwa namna ya kuunganisha. Mwanzoni hata ateliye za reli hazikuchomelea kwa moto wa umeme. Mabamba ya meli na boila yalishikwa kwa riveti: msumari mnene unatiwa motoni hadi uwe mwekundu, unapitishwa katika tundu, kisha ncha yake inapondwa kwa nyundo huku kichwa kikishikiliwa upande wa pili. Huko Ulaya kuchomelea kulikuwa bado kuchanga. Mrusi Nikolai Benardos alionyesha moto wa umeme wa kuunga chuma katika miaka ya 1880. Wafaransa walitengeneza tochi ya gesi ya asetileni na oksijeni mwanzoni mwa miaka ya 1900. Mwaka 1904 Oscar Kjellberg wa Sweden alianzisha kampuni yake ya ESAB, na ndiye aliyevumbua kuipaka bageti dawa ili chuma kilichoyeyuka kisiharibiwe na hewa. Kila bageti inayouzwa sokoni leo ni mjukuu wa ile.

Ufundi huo haukukomaa bila hasara. Nchini Ubelgiji, daraja la Hasselt lililochomelewa lote kwa umeme lilianguka mwaka 1938, likiwa halijamaliza hata miaka miwili. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba chuma kilichoungwa kwa moto kinajikunja kinapopoa, na nguvu ile inabaki ndani yake imefichika. Chuma kikiwa cha aina mbaya, au kiungo kikiwa na kona kali, ufa unaanzia pale na kukimbia. Baada ya hapo namna ya kuchagua chuma na kupanga viungo ilibadilika duniani. Hilo lilitokea kwa sababu kosa lilisemwa wazi, mafundi wengine wakajifunza.

Hapa kwetu ujuzi ulitoka ateliye kwa njia ya watu. Aliyejifunza reli au katika migodi ya bati ya Kalima, ambako kampuni ya Symétain ilianza kazi mwaka 1932, alirudi nyumbani na kichwa chake. Kazi ya kampuni ilipopungua, alifungua kibanda. Akamchukua mtoto wa dada yake kushika kinyago na kusugua kutu, na yule mtoto akawa fundi.

Kisha vita ikatupima. Kindu iliingia mikononi mwa waasi wa RCD Oktoba 1998, na treni ikakatika kwa miaka. Treni kutoka Lubumbashi ilirudi mwaka 2004. Katika miaka hiyo yote kinga ndiyo iliyokuwa lori letu, ikibeba chumvi na sabuni. Kinga iliyoundwa kwa mtu mmoja haiwezi kubeba magunia mawili bila kuongezewa vyuma. Nani aliongeza vyuma hivyo? Ni mafundi wa vibandani. Njia ya reli inaweza kukatwa, lakini ujuzi uliokwisha kugawanywa hauna mahali pamoja pa kukatiwa.

Majirani zetu wa Kenya walipata funzo linalofanana na hilo. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwaomba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la nchi. Magari machache ya mfano, yaliyoitwa Nyayo Pioneer, yalionyeshwa mwaka 1990. Yalitembea, ila kiwanda cha kuyazalisha kwa wingi hakikupatikana na mradi ukasimama. Lakini mafundi wa jua kali wa Gikomba na Kamukunji, wanaofundishana barabarani, wanaendelea kupiga nyundo hadi leo.

Kwa hiyo vijana wanaotaka kujijengea gari au kigari cha mizigo wasifichwe mambo. Tuyaseme hapa. Usiunge shasi kwa mstari mmoja ulionyooka kutoka juu hadi chini. Weka bamba la kushikilia, lenye ncha zilizokatwa mshazari. Unga kidogo kidogo, upande huu kisha ule, chuma kisijikunje. Usimwagie maji kiungo cha moto. Chuma cha resore ni kigumu: ukikichomelea kikiwa baridi kitapasuka, basi kipashe moto kwanza na kukiacha kipoe polepole. Weka bageti mahali pakavu, hasa majira ya mvua. Toa waya za betri kabla ya kuanza. Na usichomelee kamwe tangi lililokuwa na esanse, hata likionekana tupu, kwa maana mvuke wake unalipuka na kuua. Fundi anayemgeuzia kijana mgongo ili asione hayo, siku moja atabebwa na gari lililoungwa na kijana yule yule.

Neno letu la mwisho ni kwa familia zilizohama. Tangu Goma na Bukavu zichukuliwe mwanzoni mwa 2025, jamaa wengi kutoka Kivu wamepita au kukaa Maniema, na wengine walikimbia vita ndani ya jimbo letu lenyewe. Kati yao wapo mafundi. Posti na grupu vilibaki nyuma, ujuzi haukubaki. Mwenye kibanda akimpa fundi mgeni nusu siku ya kazi, hatoi sadaka tu. Anapata mbinu ambayo Kindu haikuwa nayo. Na mgeni naye asione haya kusema: mimi najua kuunga.

Bati la Maniema linayeyushwa duniani kote kuunganisha nyaya ndani ya simu na redio, pengine hata redio ya jirani yako. Ardhi yetu inaunga vitu vya watu walio mbali. Hatuna sababu ya kushindwa kuunganisha mikono yetu hapa Kasuku.