Kutoka "Mtumwa" hadi "Akiba": Safari ya Istilahi Moja

Makala haya mafupi yanadhamiria kufafanua dhana inayowatatiza wanafunzi wengi wa Mbarara na Nakivale. Mwaka 1965, Maurice Wilkes wa Chuo Kikuu cha Cambridge alipendekeza kumbukumbu ndogo yenye kasi iitumikie kumbukumbu kubwa iliyo polepole. Aliiita "mtumwa". Mwaka 1968, kampuni ya IBM iliitangaza katika kompyuta ya System/360 Model 85, ikaipa jina lenye asili ya Kifaransa: kache, yaani mahali pa kuficha. Baadaye mbinu hiyo ilitumiwa pia kwa diski. Kumbukumbu isiyo na kazi hutunza nakala za yaliyosomwa, hivyo faili hufunguka upesi zaidi mara ya pili.

Je, tuiiteje? Napendekeza "akiba". Mkazi wa Nakivale, awe ametoka Kongo au Burundi, ataelewa: diski ni ziwa lililo mbali, akiba ni dumu la maji lililo nyumbani.

Hata hivyo, tahadhari yahitajika. Wahenga walisema akiba haiozi; hii huoza. Umeme ukikatika kabla data mpya hazijaandikwa kwenye diski, hupotea, na mwanafunzi hukosa kazi aliyodhani imehifadhiwa.

Tangu mwaka 2005, katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Basi walimu, tusiishie kutafsiri neno. Tufundishe na mipaka yake.