Mtoto Mteuzi na Meza za Kigali

Wahenga walisema kwamba mchagua nazi hupata koroma. Wakasema tena kwamba mteuzi haishi tamaa. Methali hizi mbili tumezifundisha madarasani kwa miaka mingi, na kila mara anayelaumiwa ndani yake ni yule achaguaye. Lakini methali hizo ni za watu walio kwao, ambako mama anakijua kilichomo chunguni na mtoto anamjua mama. Mtoto akikataa chakula katika mkahawa wa mji wa ugeni, mbele ya watu asiowajua, lawama haimwangukii yeye peke yake. Humwangukia mzazi pia, na pengine mwenyeji aliyepika huona kuwa amedharauliwa.

Makala haya yanakusudia kuichunguza hali hiyo katika mji mmoja, yaani Kigali, mji mkuu wa Rwanda. Tutajaribu kuonyesha kwamba jambo hili, ambalo wengi huliona kuwa dogo, lina historia ndefu nyuma yake, na kwamba Kiswahili kimo ndani ya historia hiyo.

Tuchukue mfano wa familia ya mwalimu inayosafiri likizoni kwa basi kutoka Mwanza, ikavuka mpaka katika daraja la Rusumo na kufika Kigali. Saa ya chakula cha mchana inaingia katika mkahawa wa kawaida. Humo vyakula vimepangwa katika vyombo vikubwa: wali, ndizi, viazi vya kukaanga, maharage, kisamvu ambacho wenyeji hukiita isombe, mchicha uitwao dodo, tambi, na mwisho kipande cha nyama. Mtindo huu huitwa melanje, neno la Kifaransa lenye maana ya mchanganyiko. Mteja hulipa bei moja na hupakua mara moja tu. Kwa hiyo kila mtu huirundika sahani yake mpaka ikawa kama kilima.

Mtoto wa miaka minne anawekewa sahani ya namna hiyo. Mchuzi wa maharage umeingia katika wali, na kisamvu kimegusa ndizi. Anafunga mdomo na kugeuza uso. Baba anabembeleza, kisha anakemea. Watu wa meza ya pili wanatazama. Je, nani mwenye makosa hapa? Kabla ya kujibu, yafaa tuitazame nchi yenyewe.

Nchi ambamo kula kulikuwa siri

Katika Rwanda ya kale, kula hadharani hakukuwa jambo la heshima. Mtaalamu Jacques Maquet, aliyeandika juu ya jamii hiyo katika miaka ya 1950, alieleza kwamba watu wa tabaka la juu walipenda ijulikane kuwa wanaishi kwa vinywaji tu, yaani maziwa, pombe ya ndizi na pombe ya asali. Chakula kigumu walikila faraghani. Mgeni mheshimiwa alikaribishwa kwa kinywaji; si kwa sahani. Hata leo, si ajabu kumwona mtu mzima wa Kigali akijizuia kula huku akitembea barabarani. Jambo hili halipaswi kuwashangaza Waswahili wa pwani, maana kwao pia mtu mwenye kujiheshimu hakula njiani.

Lakini watoto walikuwa na siku yao. Siku ya nane baada ya mtoto kuzaliwa ilifanyika sherehe ya kumpa jina. Watoto wa majirani waliitwa, wakalima kidogo kwa kuigiza kazi ya watu wazima, kisha wakapewa chakula kiitwacho ubunnyano. Wakisha kula, kila mmoja wao alimtajia mtoto mchanga jina alilomchagulia. Hivyo basi, karamu ya kwanza iliyofanywa kwa ajili ya Mnyarwanda ililiwa na watoto, wakiwa pamoja, bila kulazimishwa.

Desturi hii ina jamaa yake pwani. Mtoto wa Kiswahili alijifunza kula katika sinia moja na wenzake, akifundishwa kutumia mkono wa kulia na kula upande ulio mbele yake. Aliyechelewa kwa kuchagua aliona wenzake wakimaliza, na somo hilo lilimtosha. Hapana shaka kwamba sehemu ya tatizo la mtoto wa mkahawani ni hii: ameketishwa peke yake kati ya watu wazima, na sahani ni yake pekee. Hana mwenzake wa kumwiga.

Meza iliyokuja na Kiswahili

Mwaka 1907 Mjerumani Richard Kandt alianzisha kituo cha utawala katika kilima cha Nyarugenge, na hapo ndipo mji wa Kigali ulipoanzia. Pamoja na Wajerumani walikuja askari, wapagazi, makarani na wafanyabiashara waliosema Kiswahili, wengi wao Waislamu. Walikaa katika mitaa ya Biryogo na Nyamirambo, na msikiti wa kwanza wa nchi ulijengwa Nyamirambo mwaka 1913. Wabelgiji, walioitwaa nchi mwaka 1916, waliwatenga watu hawa katika mtaa wao na kuwawekea mipaka katika mwendo wao. Watoto wao hawakupata nafasi sawa katika elimu, kwa kuwa shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni. Jina lenyewe la Mswahili likaanza kutumika kwa dharau, kana kwamba maana yake ni mtu mjanja asiye na kwao.

Hata hivyo, watu hao waliodharauliwa waliacha alama yao katika kila nyumba ya Rwanda, nayo ni alama ya mezani. Tuyatazame maneno ya Kinyarwanda. Sahani ni isahani, kijiko ni ikiyiko, meza ni ameza, sufuria ni isafuriya. Chai ni icyayi, sukari ni isukari, mchele ni umuceri, mkate ni umugati. Msomaji atakumbuka kwamba Kiswahili nacho kilikopa mengi ya maneno haya: meza kutoka kwa Wareno, sahani na sukari kutoka kwa Waarabu. Neno hukopwa, kisha hukopeshwa.

Tukiyapanga maneno ya chakula yatumikayo Kigali, twaona tabaka tatu. Tabaka la kwanza ni la ng'ombe na shamba, na maneno yake ni ya wenyeji: amata, yaani maziwa, ikivuguto, maziwa ya mgando, ibishyimbo, maharage, igitoke, ndizi, igikoma, uji. Tabaka la pili ni la meza, chai na wali, na maneno yake ni ya Kiswahili. La tatu ni la mkahawa wenyewe, na maneno yake ni ya Kifaransa: resitora, ifiriti, yaani viazi vya kukaanga, na brosheti, ambayo sisi twaiita mishikaki. Mpangilio huu wafuata historia ya nchi. Kula mbele ya watu, juu ya meza, kwa sahani na kijiko, ni jambo lililoingia Rwanda likiwa limeshika mkono wa Kiswahili. Kulipa fedha ili kula mbele ya watu kulienea baadaye.

Kwa hiyo mtoto wetu aliyefunga mdomo mbele ya melanje amewekewa tabaka zote tatu katika sahani moja kwa mara moja. Mtu mzima huona utajiri. Mtoto huona vitu vingi asivyovijua vikiwa vimechafuana.

Kukataa na kukosa

Hatuna budi kusema neno pia juu ya wazee wanaokasirika mtoto akikataa chakula. Hasira yao si ya bure. Katika miaka ya 1916 hadi 1918, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Rwanda ilipatwa na njaa iliyoitwa Rumanura. Mwaka 1943 na 1944 ikaja njaa kubwa zaidi, Ruzagayura, iliyoua watu wengi na kuwafukuza wengine kwenda Kongo na Uganda. Mzazi aliyeyapitia hayo hakuweza kuona sahani iliyokataliwa kuwa mchezo wa mtoto. Naye akawalea wanawe kwa kumbukumbu hiyo, nao wakawalea wana wao.

Wala historia ya meza za Kigali haiwezi kuandikwa bila kuutaja mwaka 1994. Hôtel des Mille Collines, iliyofunguliwa mwaka 1973, ilikuwa mahali pa wageni na wasafiri wenye fedha. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu zaidi ya elfu moja walikimbilia humo, watoto wakiwamo. Maji yalipokatwa, walikunywa ya bwawa la kuogelea. Katika nyumba iliyojengwa ili watu waketi na kuagiza wapendacho, hapakuwa tena na cha kuchagua.

Twayasema haya si kwa kumtia mtoto hatia. Mtoto wa leo hakuijua Ruzagayura wala hakuwako mwaka 1994. Twayasema ili mzazi aelewe kwamba mwenyeji anayeitazama sahani iliyoachwa huenda anaona kitu kingine. Mtoto anayeweza kusema "sitaki hiki" ni mtoto ambaye nchi yake ina amani na jiko lake lina moto. Uteuzi wake wapaswa kufundishwa adabu; kuuvunja kwa kiboko hakufai.

Maziwa na chapati

Sasa turudi mezani. Ni nini hutokea mara nyingi mtoto anapokataa chakula katika mkahawa wa Nyamirambo? Mhudumu huja na kuuliza kwa upole, "Mama, mtoto anakunywa maziwa?" Kisha huletwa glasi ya maziwa na chapati ya moto. Mtoto ambaye nusu saa hakufungua mdomo anaanza kumega chapati.

Katika Rwanda maziwa ni heshima kabla ya kuwa chakula. Baada ya mwaka 1994 nchi ilifanya juhudi kubwa kuyarudisha kwa watu wake. Mpango wa Girinka, ulioanzishwa mwaka 2006, huzipa familia maskini ng'ombe, na ndama jike wa kwanza hupewa jirani. Mwaka 2010 ukaanza mpango wa kuwapa watoto wa shule maziwa. Mjini Kigali yamejaa maduka yanayouza maziwa tu, ya moto au ya mgando, pamoja na chapati, maandazi na mayai ya kuchemsha. Mzazi mwenye mtoto mteuzi hapati mahali pazuri zaidi ya hapo: vyakula ni vichache, kila kimoja kiko peke yake, na hapana anayeshangaa mtu kunywa maziwa tu. Chapati nayo ilitoka Bara Hindi, ikapita pwani, ikafika huku. Mtoto wa Mwanza anaijua tangu nyumbani.

Kutokana na hayo tunaweza kuwapa wazazi wasafiri maneno machache ya manufaa. Kwanza, katika melanje omba sahani ya pili, tupu, umtengee mtoto vitu viwili tu visivyogusana. Pili, mishikaki huchomwa baada ya kuagizwa, na huenda ukangoja muda mrefu. Mtoto apewe maziwa au ndizi kwanza, asifike mezani akiwa amekwisha kulia kwa njaa. Tatu, angalia kichupa kidogo kilicho mezani, kiitwacho akabanga, maana yake siri ndogo. Ni mafuta ya pilipili kali, na tone moja lamtosha mtu mzima. Nne, ukibeba chakula kutoka nyumbani, kibebe katika kikapu au bakuli lenye mfuniko, kwa kuwa Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2008. Nacho kiliwe mkiwa mmeketi, si njiani. Tano, na hili ndilo kubwa, mketishe mtoto na watoto wengine. Tangu mwaka 2021 mtaa mmoja wa Biryogo umefungwa kwa magari, na meza zimewekwa barabarani. Jioni familia hukaa hapo kwa chai ya maziwa yenye tangawizi. Mtoto akiwaona wenzake wakila, kazi ya baba ya kubembeleza huwa imekwisha.

Neno la mwisho kwa walimu

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Bunge lake likakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Wapo waliosema kwamba lugha ngeni imeletwa. Walimu wenzetu wa Kigali wana jibu lililo karibu nao. Wawaambie wanafunzi warudi nyumbani, waingie jikoni, waandike majina ya vyombo na vyakula vyote wavionavyo, kisha wayapange katika zile tabaka tatu. Watakuta kwamba Kiswahili kilikuwamo katika nyumba ya bibi zao zamani, kikishika sahani na kijiko.

Nasi wa nchi jirani tuendao huko likizoni tujifunze kutoka kwa yule mhudumu wa Nyamirambo. Hakumkemea mtoto wala hakumwaibisha mzazi. Alitafuta kile ambacho mwenyeji anakiheshimu na mgeni anakijua, akakileta mezani.